Vichwa vya udongo, simu ya mama na watoto wangu wa PP2

Wazazi wananiuliza, wengine kwa upole, wengine wamekunja uso, kwa nini mtoto wa miaka mitano anarudi nyumbani akisimulia habari za vichwa vya udongo vya Afrika Kusini. Kwani irabu zimekwisha? Irabu tunazisoma kila asubuhi kabla ya uji, hilo lisiwatie wasiwasi. Lakini swali la vichwa ni swali zuri, na pale langoni saa za kwenda nyumbani, watoto wakivutana mikoba na tuktuk zikipiga honi, sipati nafasi ya kulijibu inavyostahili. Nitalijibu hapa, na nitajibu kwa kirefu.

Mimi ni mwalimu wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, hapa Malindi. Mamangu ni mtu wa Mambrui, babangu ni Mgiriama wa upande wa Ganda, mchanganyiko usiomshangaza mtu katika mji huu. Kabla ya kusomea ualimu nilikaa dukani kwa mjomba wangu aliyekuwa akiwauzia watalii vinyago: twiga, vifaru, Wamasai wembamba wenye mikuki, vijiko vyenye vichwa vya swara. Vingi vilichongwa na mafundi wa Kikamba, na kazi yao naiheshimu. Ufundi huo wa kuchonga kwa ajili ya soko waliuanzisha tangu enzi za Mutisya Munge, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akiwa ameona kazi za wachongaji wa huko. Ila duka lile lilinifundisha jambo lililonikaa moyoni. Watoto wa mtaani walipita mbele ya rafu zetu kila siku na hawakugeuza shingo. Siku moja nilimwita mmoja nimwonyeshe kiboko kilichochongwa vizuri sana. Akaniambia, "Hivyo ni vya wazungu."

Maneno hayo ndiyo sababu ya haya yote. Mtoto wa pwani anakua akijua kwamba kilichochongwa ni cha mgeni, na simu ni yake yeye. Mimi nataka simu hiyohiyo impeleke kwa waliochonga na waliofinyanga kabla yake, kisha aiweke chini, achukue udongo, ajue kwa vidole vyake kazi ile ilikuwa kazi gani.

Simu wanaijua, hilo halina mjadala. Nina watoto wasioweza kufunga kamba za viatu lakini wanajua kuruka tangazo kabla halijafika katikati. Mtoto mmoja, nilipompa bonge la udongo mara ya kwanza, aligeuza, akalitazama chini, akalitazama pembeni, akaniuliza, "Ticha, linawashwa wapi?" Aliuliza kwa dhati. Vitu vyote vya kuchezea alivyowahi kupewa vilikuwa na mahali pa kubonyeza.

Simlaumu mama yake. Mama yule anakaanga viazi karai kando ya barabara, na karai la mafuta yanayochemka si jirani wa mtoto. Simu humkalisha mtoto kwenye kiti, mbali na moto, mpaka wateja wapungue. Anayemhukumu mama huyo aende kwanza akamshikie mtoto. Lakini ukweli pia tuuseme. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano: asiyefikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora zaidi. Mwongozo huohuo unahimiza kwamba mtoto akiwa ametulia, basi mlezi amsomee au amsimulie hadithi. Hapo ndipo ninapopapenda. Shida kubwa ninayoiona darasani inatoka kwenye kuachwa peke yake na ile skrini, picha zikipita moja baada ya nyingine, hakuna hata moja iliyotazamwa mpaka ikajulikana.

Kwa hiyo darasani kwangu kishikwambi ni kimoja, nakishika mimi, na siku ya sanamu tunatazama picha moja tu. Moja. Watoto mwanzoni walilia wakitaka nyingine. Sasa wamezoea.

Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya vichwa vya Lydenburg. Nilivichagua kwa sababu aliyeviona kwanza alikuwa mtoto. Mwaka 1957, katika bonde la Sterkspruit karibu na mji wa Lydenburg, ambao siku hizi unaitwa Mashishing, mvulana aitwaye Ludwig von Bezing aliona vipande vya vyungu ardhini. Alipokua kidogo na kuanza kuvutiwa na mambo ya kale, alirudi palepale, kati ya 1962 na 1966, akaokota vipande vingi zaidi. Vilipounganishwa vikatoka vichwa saba vya udongo. Viwili ni vikubwa kiasi kwamba mtu anaweza kuvivaa kichwani. Vitano ni vidogo. Kimoja kina pua na mdomo wa mnyama. Shingoni vina pete za mikunjo, moja juu ya nyingine, na macho yamebandikwa kama kauri. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 1,500 hivi, na leo vinaonyeshwa Cape Town, katika makumbusho ya Iziko.

Utamwelezaje mtoto wa miaka mitano miaka 1,500? Niliwaambia: kabla yako yuko baba, kabla ya baba yuko babu, kabla ya babu yuko babu wa babu. Wakaendelea wenyewe, babu wa babu wa babu wa babu, wakishindana nani ataishiwa pumzi mwisho. Niliwaacha. Walipochoka nikawaambia, hapo bado hatujafika.

Halafu likatokea jambo ambalo hata mimi sikulitarajia. Nilikuwa nimekiegemeza kishikwambi kwenye makopo mawili ya rangi ili wote waone. Msichana mmoja mdogo, mkimya, ambaye huwa hasemi mpaka umfuate, aliinuka, akazunguka meza, akachungulia nyuma ya kishikwambi. Akarudi mbele. Akaenda tena nyuma. Nikamuuliza anatafuta nini. "Kisogo," akasema.

Alitaka kuona kisogo cha kile kichwa. Na alikuwa na haki, kwa sababu kichwa kina kisogo. Aliyekifinyanga alikizunguka au alikizungusha mkononi, na upande wa nyuma aliutia kazi kama wa mbele. Picha ilimnyima. Wenzake nao wakaanza kuzunguka meza, na darasa likawa foleni ya watu wanaotafuta kisogo. Baadaye niliwatafutia umbo la kuzungushwa. Majumba kadhaa ya makumbusho, British Museum likiwemo, yameweka mtandaoni maumbo ya vitu vyao yaliyotengenezwa kwa kuunganisha picha nyingi zilizopigwa kuzunguka kitu, hata ukivuta kidole kwenye kioo kitu kinageuka, unakiona ubavuni, mgongoni, hata chini kinapokalia. Watoto walipokezana kuzungusha sanamu moja ya Afrika Magharibi, kila mmoja zamu yake, na msichana yule alipofika kwenye kisogo alikaa hapo mpaka wenzake wakalalamika. Kwa kazi kama hiyo, teknolojia naishukuru bila kinyongo.

Kisha tukakizima. Kukizima ni sehemu ya somo.

Udongo tunaletewa na mama mmoja mfinyanzi wa juu ya mto Sabaki, ule wa kufinyangia vyungu, umefungwa ndani ya gunia lenye unyevu. Siku ya kwanza tunautoa mawe na mizizi, tunauponda, tunauloweka. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko nilivyodhani. Siku ya pili ndipo tunafanya vichwa. Mboni tunachora kwa chelewa, ule ujiti wa ufagio, nywele pia. Na kila mara, bila kukosa, tatizo huwa moja: pua.

Mtoto hufanya kichwa kizuri, akabandika pua, akaiangalia kwa fahari, akaenda nyumbani. Asubuhi anakuta kichwa kimekauka na pua iko chini kwenye gazeti. Pua zote chini. Msiba wa darasa zima. Hapo ndipo ninapowafundisha kukwaruza pande zote mbili kwa chelewa, kupaka uji wa udongo katikati, kisha kushindilia kwa kidole mpaka kiungo kisionekane. Nawaambia: mtu aliyekaa Lydenburg zamani zile naye alilijua hili, kwa sababu macho aliyobandika yeye yapo mpaka leo. Mvulana aliyeuliza udongo unawashwa wapi ndiye siku hizi anayewakagulia wenzake pua. Anapita meza baada ya meza, anaisukuma kila pua kidogo kwa kidole cha shahada, anasema, "Hii itaanguka," au "Hii itakaa." Hakosei sana.

Walipotoboa macho kwa chelewa mpaka ndani, niliwaonyesha siku iliyofuata kichwa cha Nok. Nok ni kijiji cha Nigeria, na sanamu za jina hilo zilianza kuonekana mwaka 1928 kwenye machimbo ya bati. Mafundi wake walifinyanga vichwa na miili yenye uwazi ndani, na macho waliyatoboa, na matundu ya pua, na mdomo, na masikio. Matundu yale yana uzuri wake, na tena yanasaidia: udongo unapochomwa, hewa na mvuke wa ndani vinahitaji njia ya kutokea, la sivyo kitu hupasuka. Sanamu hizo zina zaidi ya miaka 2,000. Watoto waliona matundu, wakatazama vichwa vyao, wakaona matundu. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Habari waliyoipenda kuliko zote ni ya 1943. Kichwa kimoja cha Nok kilikutwa kimewekwa shambani, kwenye shamba la viazi vikuu, kitishie ndege. Ndicho kilichomfikia Bernard Fagg, aliyekuja kuzifuatilia sanamu hizo kwa miaka mingi, na makumbusho ya Jos yakafunguliwa mwaka 1952. "Ndege waliogopa?" watoto wakauliza. Nikawajibu kwamba kama kimekaa shambani muda wote huo, mwenye shamba lazima alikiona kinafaa.

Kwa wazazi niongeze jambo ambalo watoto bado hawajafikia umri wake. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, huko Nigeria, akaona kazi za Wayoruba, akatangaza kwamba ni mabaki ya Atlantis, ile nchi ya hadithi za Kiyunani. Hakuweza kuamini kwamba wenyeji ndio mafundi. Mwaka 1938, hukohuko Ife, watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika boma la Wunmonije walifukua vichwa vya aloi ya shaba vyenye sura za watu zilizo kamili kiasi cha kutisha, vilivyomiminwa kwa njia ya nta: unafanya umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unalichoma nta iyeyuke itoke, kisha unamimina shaba palepale ilipokuwa nta. Bado walipatikana wa kutia shaka. Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika, nayo ilipewa wajenzi wengine kila mahali isipokuwa palepale ilipo. Na Gede yetu hii, magofu ya mji wa kale, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa, nani hajawahi kusikia mwongozaji au mgeni akisema ni kazi ya watu wa ng'ambo, kana kwamba Waswahili walikuwa wapangaji tu katika mji wao?

Nataka mtoto aliyepigana na pua ya udongo mpaka ikakaa aje akutane na maneno ya namna hiyo akiwa mkubwa. Atajua cha kuyajibu, maana atakuwa amekwisha kujua kwamba mikono ya mtu, ikifundishwa na ikipewa muda, hufanya mambo haya.

Mama mmoja wa mtaa wa Barani alinifuata darasani baada ya salamu ndefu na heshima zote. "Mwalimu, nasikia watoto wanafinyanga masanamu. Sisi Waislamu, na wewe unajua." Najua. Mimi pia ni Mwislamu, na jambo hilo halichezewi. Nilimwambia anipe muda, nikaenda kumuuliza maalim wa chuo cha Kurani ambaye watoto wetu wengi wanasoma kwake jioni. Maalim hakukurupuka. Alinikumbusha hadithi ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyekuwa akicheza na wanasesere wake, na farasi mwenye mbawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza. Akasema wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto vya kuchezea kwa hoja hiyo, na wengine wameshika tahadhari, na mzazi anayetaka tahadhari asilazimishwe. Basi tukakubaliana hivi: vichwa vyetu havichomwi wala havipambwi rafuni, mwisho wa juma tunavivunja vinarudi kwenye ndoo kuwa udongo tena. Na mtoto ambaye kwao hawataki sura, afinyange kitu kingine siku hiyo, bila kuonekana amefukuzwa.

Ikawa heri, kwa sababu kutoka hapo ndipo tukafika kwenye siwa, baragumu kubwa la Waswahili. Nilitafuta kazi ya mikono ya Waswahili isiyo na sura ya mtu, yenye ukubwa wa kumshangaza mtoto, nikapata mbili katika makumbusho ya Lamu: siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, ambayo urefu wake unapita mita mbili. Mita mbili nilizichora kwa chaki sakafuni. Watoto wawili wakalala juu ya mstari, kichwa kwa miguu, na wa pili hakuenea wote. Siwa hupulizwa ubavuni, si mwishoni kama filimbi, na zilipigwa kwenye shughuli kubwa za mji, kutawazwa na harusi za wakubwa. Mtoto wa mama yule wa Barani alifinyanga siwa yenye tundu ubavuni pale hasa linapotakiwa kuwa. Mama alipokuja kumchukua akaonyeshwa. Aliitazama sana. Babu yake mzaa mama, akaniambia, alikuwa mtu wa Siyu, kisiwani Pate.

Sasa niseme kuhusu vigango, maana hapa ndipo kishikwambi changu kinaposimama.

Baadhi ya wazazi wasio wa huku wameniuliza kwa nini tunakwenda mpaka Nigeria ilhali sanamu kubwa za pwani ziko hapahapa, nyuma ya mji, upande wa bara. Ni kweli. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu uliosimikwa ardhini kwa ajili ya mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu cha Wamijikenda, wenye kichwa juu na mwili uliochongwa pembetatu ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu. Ukisimama mbele yake unajua mara moja umesimama mbele ya mtu. Ndiyo maana hakisogezwi. Jamaa wakihama mji wao, kigango kinabaki kilipo, kinyeshewe na kiliwe na mchwa taratibu, kwa sababu hakikuwekwa pale kiwe pambo.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa. Vilipita kwenye maduka ya vinyago ya pwani hii, vikavuka bahari, vikaingia katika nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Sizungumzii kwa mbali. Rafu za vinyago nilizikalia, na wazee wa biashara ile walijua kilichokuwa kikipita, hata kama kwetu hakikupita.

Babangu hataki kigango kipigwe picha. Sababu yake ni ya wizi kuliko ya mila. Anasema picha humwonyesha mwizi njia. Mimi naongeza: kwa simu za leo ni kweli kuliko alivyodhani, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya picha yenyewe mahali ilipopigwa, na ukiituma jinsi ilivyo, anayejua kuangalia ataweza kufika mpaka chini ya mwembe kilipo kigango.

Lakini kuna kisa kinachotaka tufikiri mara mbili. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru, Mmijikenda wa hapa Kilifi, akiwa amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, Udvardy aliona picha ya kigango kilichokuwa kwenye makumbusho ya chuo kimoja kikuu cha Illinois, akakitambua: ni kimoja cha vile viwili. Cha pili kikaja kuonekana Virginia, Chuo Kikuu cha Hampton. Picha ile ya 1985 ndiyo iliyokuwa ushahidi, na mwaka 2007 vigango vyote viwili vikakabidhiwa kwa familia. Mzee Kalume mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Linganisha na vigango 30 ambavyo makumbusho ya Denver yaliamua kuvirudisha Kenya. Nia ilikuwepo. Lakini vilipoingia Marekani hakuna aliyeandika vimetoka mji gani wala ni vya mzee gani, kwa hiyo hata vikirudi nchini, havina mlango wa kugonga. Ndivyo vitu vyetu vingi vilivyo huko nje. Mradi mmoja ulioshirikisha makumbusho yetu ya taifa ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya katika taasisi za nchi nyingine. Wanigeria wamepiga hatua: tangu Novemba 2022 kuna Digital Benin, mahali pamoja mtandaoni pa kuonea zaidi ya vitu 5,000 vya ufalme wa Benin, vilivyotawanyika baada ya Waingereza kuuvamia mji huo mwaka 1897, kila kimoja na jumba linalokishikilia. Mjukuu aliyeko Edo, kulikokuwa na ufalme huo, anaweza kukaa na simu yake akajua mali ya nyumba ya mfalme iko wapi. Natamani siku moja Wapokomo wakae hivyohivyo na kuiona Ngadji, ngoma yao takatifu iliyochukuliwa na wakoloni huko Tana na iliyomo mpaka leo katika British Museum. Na natamani zaidi irudi.

Kwa hiyo ombi langu kwa familia zenye vigango ni hili, na babangu, baada ya mazungumzo marefu, hakulipinga. Wakikubali wazee, na wakikubali tu, mmoja wa nyumbani apige picha, akiwa amezima ile sehemu ya simu inayoandika mahali. Picha isafishwe karatasini, nyuma yake liandikwe jina la mzee, jina la aliyesimika na mwaka. Iwekwe na hati za shamba. Isipandishwe mtandaoni, isitumwe kwenye kundi lolote, hata la ukoo, maana makundi ya ukoo yana watu wengi.

Darasani hatuonyeshi kigango kwenye skrini. Tulipofika hapo nilisema tu kwamba nasi huku tuna watu waliochongwa. Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Ticha, kwetu kiko. Babu hukimwagia mnazi." Nikamwambia aje mbele atusimulie, kama anataka. Alikuja. Alionyesha urefu kwa kunyoosha mkono juu ya kichwa chake, kisha akaona haitoshi, akapanda kiti. Alionyesha mabega, akachora pembetatu hewani kwa kidole, moja, nyingine, nyingine, mpaka akashuka chini kwenye miguu ya kiti. Akasema usipite mbele yake ukikimbia. Hakuna aliyedai picha. Waliuliza maswali: kinaitwa nani, kinalala, kinanyeshewa? Jina alilijua, ni la baba wa babu yake, na alilitaja lote.

Muhula ujao, Inshallah, tunakwenda Gede, na tukirudi tutapitia makumbusho ya hapa mjini. Simu itakuwa moja, yangu, na itakaa mkobani mpaka watoto wawe wamezunguka na kuuliza. Wazazi wanaotaka kuja nasi wanakaribishwa, na waje tayari kukaa chini. Kwa sasa tunahitaji magunia mawili ya zamani yasiyotoboka, ndoo yenye kifuniko, na chelewa, nyingi iwezekanavyo, zile ngumu za ufagio uliochakaa. Mama mfinyanzi amesema atatuletea udongo mvua zikipungua, kwa sababu sasa Sabaki imejaa na kule anakochimba hakufikiki.